Kibuyu cha Chini ya Kitanda

Kibakwe, Jumamosi usiku, kesho Pasaka

Nimewaficha wote kwamba kibuyu cha chini ya kitanda changu si cha dawa. Ni cha togwa ya uwele anayoniletea Mama Ndahani, mjane wa jirani. Ikiwa mbichi kanisa linairuhusu. Mimi huiacha siku tatu ichachuke iwe pombe, ndipo ninywe.

Leo amekuja mwinjilisti Danieli, niliyemfundisha kusoma. Anataka nikubali mjane huyo atengwe na Meza ya Bwana kwa kupika pombe.

"Shikamoo, mwalimu. Aliyeokoka hatendi dhambi tena. Jitazame wewe, uso unang'aa kwa utakatifu."

"Marahaba. Na neema je, baba?"

"Neema ilitusafisha siku ya ubatizo. Baada ya hapo ni kujikaza."

Nilidhani namsikia akida wa Wadachi akidai kodi.

Nikamkaribisha togwa, maana jua lilikuwa kali. Akanywa, akaomba tena, akaomba tena. Kisha akaniegemea begani akilia, akasema yeye ndiye mwenye dhambi kuliko wote, na amtenge mjane kama nani? Akaondoka akiimba, njia nzima haimtoshi.

Nimecheka mpaka kifua kikaniuma. Hiki kifua hakitanifikisha mavuno.

Ila asubuhi kichwa kitamtulia, na hukumu ya kumtenga mjane ataisoma ibadani. Kwa hiyo lazima nibebwe mpaka kanisani nikaseme, na ninaogopa kuliko ninavyoogopa kufa.

Mama Ndahani hajapika pombe hata siku moja. Harufu waliyoinusa wazee wa kanisa kwenye vibuyu ninavyomrudishia ilitoka hapa kwangu.