Landry, redio imefifia tena mwezi wa kumi

Mwaka mzima umepita, Landry, tangu asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1999, mke wako Daphrose aliponikuta nachambua maharage akaniambia: "Bibi, wamemuua. Wanasema alikuwa anaongea na waasi."

Hukuongea na mtu, mjukuu wangu. Ulisikiliza tu. Kila siku saa sita mchana, ukitoka kufundisha fizikia, ulikaa chini ya ule waya ulioufunga juu ya bati, ukafungua kituo kilekile cha mbali, ukaandika daftarini, kwa alama za kujumlisha, kama sauti ni kali au imefifia. Miaka minne. Chakula kikapoa, mimi nikanuna.

Ulinieleza bila kuchoka. "Bibi, kule juu, kupita mawingu, jua linachoma hewa, inakuwa vipande vyenye umeme. Vinaitwa ayoni. Ni kama soko ya Jabe: mwezi huu samaki wadogo, ndagala, nyingi, mwezi ule maparachichi. Jua likisimama juu ya kichwa, mwezi wa tatu na wa kumi, umeme unazidi, unameza sauti ya redio."

"Na we unaviona?"

"Apana, bibi. Mi nasikia tu vile vinakula sauti."

Mdomo wangu ndio uliokuponza. Bombani tukichota maji, hapa mtaani Bwiza, nilijisifu: "Mjukuu wangu anajua redio itafifia mwezi gani!" Wakacheka: "Huyo ni mwalimu ao ni nabii?" Mwezi wa kumi redio ikafifia, na wiki ileile mabomu ya waasi yakatuangukia kutoka milimani. Kicheko kikaisha. Wakaulizana: alijuaje waasi watazima redio lini? Daftari lako lenye alama za kujumlisha likaitwa siri za waasi. Waliokuchukua walilichoma. Hakuna aliyekuuliza zile alama ni za nini.

Juzi nilitoa redio yako uani, saa sita, nikaita majirani. Kituo kikafifia kama ulivyosema. Nikamgeukia Népomuscène, mkubwa wa nyumba kumi, yeye aliyewaonyesha mlango wetu:

"Sasa nani anaizima?"

Akatazama viatu vyake. "Kumbe ni majira."

Basi. Hata pole hakusema.

Unakumbukwa na bibi yako Spéciose, mke wako Daphrose, binti yako Chanelle na dada yako Ingrid wa Rohero. Hatutaacha kukukumbuka, siku zote tulizobakiziwa. Na anayesema bado ulikuwa mpelelezi, aje uani kwetu mwezi wa tatu, saa sita, asikilize.