Sanduku Ulilomtengenezea Mama

Baba,

Wewe ndiye ulinifundisha kwamba barua huanza kwa salamu na habari za mvua, ndipo mtu aseme shida yake. Basi sisi wa Gitothua hatujambo, na mvua imenyesha. Imenyesha mpaka watu wanaiita kwa jina, El Niño, utadhani ni mgeni wa kulala. Choo cha jirani kimetitia, na maji yaliingia jikoni kwa Mama yakafika kwenye vifundo vya miguu. Shida yangu nayo ni hii: nimevunja ahadi tuliyowekeana. Nimemwambia Mama ukweli wa lile sanduku.

Usinikunjie uso. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka ulivyolitengeneza? Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa akichuma kahawa kwenye mashamba ya hapa Ruiru, akirudi mchana mgongo umekataa kunyooka, halafu ndipo aanze kupuliza makaa. Kazi yako kule Thika ilikuwa kufunga mabomba ya mvuke kiwandani kwa ile pamba nyeupe ya asbestosi, joto lisipotee. Ukawaza kwamba kama inashika joto la bomba, haiwezi kushindwa na sufuria. Ukaleta gunia la mabaki, ukapiga sanduku la mbao, ukalijaza, ukashonea kitambaa cha maua ndani. Mama alichemsha githeri yake ya mahindi na maharagwe kidogo asubuhi, akaifungia humo, akaenda shambani. Aliporudi alikuta imeiva, ingali inatoa mvuke. Alicheka mpaka akakaa chini. Ukatengeneza mengine mawili, moja la Mutua mliyefanya kazi naye na moja la Mama Karanja wa kanisani, na wiki nzima ulitembea kama mtu aliyechaguliwa diwani.

Hakuna aliyewaambia lolote kuhusu ile pamba. Mliifunga kwa mikono mitupu, mkaivuta miaka na miaka, mkarudi nyumbani weupe kama wasaga unga wa posho mill.

Ndipo kifua kikaanza. Tulidhani ni baridi ya Julai, halafu tukadhani ni TB, mpaka daktari wa Nairobi alipokutoboa ubavuni akaweka mpira na yakatoka maji ya rangi ya chai ya turungi, karai zima. Jina la ugonjwa lilikuwa refu hata ukamwomba aliandike: mesothelioma. Saratani ya ule utando unaofunika mapafu. Akasema inatokana na vumbi la asbestosi, na kwamba hukaa kimya mwilini miaka mingi kabla ya kubisha hodi.

Alitueleza njia zilizokuwepo na hakutudanganya. Kulikuwa na upasuaji mkubwa, lakini moyo wako haungeuweza. Kulikuwa na dripu ya dawa za saratani, ambayo ingekutapisha na labda ingekuongezea siku, labda isikuongezee, kuponya haiponyi. Au watoe maji, waweke poda ndani ili utando ushikane na maji yasirudi, kisha urudi nyumbani na dawa ya maumivu. Mimi nilitaka dripu. Nilitaka chochote. Wewe uliuliza kitu kimoja tu, kama ukichagua ile ya tatu utaweza kukaa nje kwenye kiti chako. Akasema ndiyo. Ukachagua kiti. Nilikununia njia nzima mpaka Ruiru, Baba, na leo nasema ulichagua vizuri.

Hata wodini hukuacha utani. "Vumbi ndio imenileta hapa," ulimwambia sista, "sasa dawa yake ni poda?" Ilibidi sista atoke nje acheke.

Alipotoka ndipo ukanishika mkono wa sweta. Ukaniita Maitu, yaani mama, kama ulivyoniita tangu nizaliwe kwa kuwa nina jina la mama yako. "Maitu, ile sanduku ya mama yako, itoe. Lakini usimwambie kwa nini. Asijue ni mimi nilimletea hiyo kitu." Nikakubali. Nani angemkatalia mtu mwenye mpira kifuani?

Miezi ile ya kiti ilikuwa mizuri kuliko nilivyotarajia. Sista wa kutembelea wagonjwa alikuja kila wiki, akamfundisha Mama kupima dawa ya maumivu, akamwonyesha jinsi ya kukuinua na mito. Akasema pumzi ikibana tukupepee usoni, inasaidia. Mutua na wenzenu walikuja kila Jumamosi na drafti ya vifuniko vya soda, wakikupepea kwa zamu kwa kalenda ya zamani, na bado uliwaibia kete.

Chakula tu ndicho kilitushinda. Ulikataa kabisa cha kutoka kwenye sanduku. Ulitaka kilichotoka motoni sasa hivi, na Mama akawa anawasha makaa mara tatu kwa siku. Mimi nilijua sababu. Yeye hakujua.

Nilijaribu kulitoa kwa ujanja. Nilimwambia lina mende, akalifuta kwa dawa. Nilimletea jiko la gesi, akashukuru, akalifunika kitambaa cha kusuka na kuweka redio juu. Ulipozikwa ndio ikawa mbaya zaidi, hakutaka hata mtu alisogeze.

Wiki iliyopita jua lilitoka kidogo. Nikamkuta nyuma ya nyumba, sanduku limelowa, ameshapasua kitambaa cha maua kwa kisu. Mkononi ameshika bonge la ile pamba, anataka kuichambua aianike kama ya godoro. Nashukuru Mungu ilikuwa bado mbichi kwa maji, haikutoa vumbi. Sikupata muda wa kupanga maneno.

"Mama, wacha hiyo! Ndiyo ilimuua Baba."

Aliiacha. Akanawa mikono polepole mpaka viwiko. Halafu akauliza, "Kwani yeye alijua?" Nikamwambia ulijua tangu Nairobi, na kwamba uliniapisha.

"Kwa hivyo ndio maana alikataa chakula yangu?"

Baba, muda wote ule aliamini umechoka na mkono wake. Aliamini ulienda ukiwa na kinyongo naye, na hakujua kosa lake. Uliona aibu ukaificha, na mzigo ukambebesha yeye. Nilipomwambia hukutaka afungue kile kifuniko hata mara moja zaidi, alikaa juu ya ndoo akalia. Kisha akaanza kucheka huku bado analia. "Huyo mzee," akasema. "Na vile nilimchapia ugali moto kila saa."

Ulinifunga mdomo kama baba yangu. Nimeufungua kama mama yako, na mama haombi ruhusa.

Sanduku tumelizika. Sista alituelekeza kwa afisa wa afya. Tulilimwagia maji zaidi, tukalifunga nailoni mara mbili, na Mutua akachimba pale afisa alipotuonyesha, shimo refu, mbali na visima. Mama alitupia konzi ya udongo kwa mazoea. Picha yake ya kifua haijaonyesha kitu, wala yangu. Daktari hakutuapia, amesema turudi kila mwaka. Mutua anakohoa kidogo na anangoja majibu yake. Sanduku lake ameshalitoa.

Limebaki la Mama Karanja. Jumamosi mimi na Mutua tunaenda kwake, na safari hii tutasema kila kitu kabla ya kukaribishwa chai. Nakuahidi hilo. Nakuahidi pia nitampeleka Mama kupigwa picha kila mwaka, hata akijifanya ana kazi nyingi, na nikimwona Mutua anatafuta pumzi, kalenda ninayo.

Leo nilimkuta Mama amechemsha githeri, akaiweka kwenye kiondo cha zamani kilichojaa majani makavu ya migomba. Juu yake amefunika koti lako, lile jeusi la Jumapili, amelifunga vifungo vyote. Nilishtuka, nikauliza kama hataki tulitunze. Alilipapasa kola.

"Wacha afanye kazi," akasema.

Lala salama, Baba. Mchana tulifungua, na ilikuwa imeiva.

Maitu wako,
Nyambura