Yupala ya Mama

Jumamosi, Kasungami, Lubumbashi. Baridi tangu alfajiri, na ule upepo wa Agosti unaoingiza vumbi hadi kwenye sukari. Nimechoka. Nimechoka na mama yangu, na naandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kulisema hili.

Leo nimempigia kelele. Mama yangu mzazi, mtu aliyekimbia vita, mbele ya mkwe wake.

Niseme kwa mpangilio. Tangu barabara za Kivu zifungwe, malori ya bosi wangu hayatembei, kwa hiyo mimi ndiye ninayekaa nyumbani na Elie, mwanangu wa miezi minane. Mke wangu Ngalula anauza kwenye duka la dawa mjini, isipokuwa Jumamosi. Mama alitufikia mwezi uliopita kutoka Kanyabayonga, kule Kivu, akiwa na mfuko mmoja tu.

Wiki ya pili mama mmoja wa kanisani akamletea yupala: kile kigari cha plastiki chenye magurudumu, mtoto anawekwa katikati, miguu inagusa chini kwa vidole tu. Mama alifurahi kama amepewa nyumba.

Mimi sikufurahi. Muuguzi wa pale tunapompimisha Elie uzito alishatuonya: kigari hakimfundishi mtoto kutembea, kinambeba tu. Mtoto anajifunza kwa kutambaa, kujivuta kwenye kiti, kuangukia matako na kuinuka tena, miguu mitupu. Ndani ya kigari anapata mbio ambazo akili yake haijazifikia. Nilimweleza Mama hayo yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamweka Elie ndani ya yupala.

Nikaificha nyuma ya kabati. Akaipata. Nikaipeleka kwa jirani. Akaenda kuichukua, tena akabaki huko kunywa chai.

Na kila siku wimbo ule ule: "Uyu mutoto atatembea lini?"

Miezi minane, jamani!

Leo umeme ulikatika, Ngalula akawasha mbabula barazani, sufuria ya maharage juu ya makaa. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikasikia magurudumu yakikwaruza simenti, mbio, kisha Ngalula akapiga yowe.

Elie alikuwa anatoka mlangoni akielekea moja kwa moja kwenye moto. Gurudumu la mbele likakwama kwenye kizingiti, kigari kikapinduka, naye akaenda uso mbele. Mdomo ukapasuka. Kati ya mkono wake na makaa ilibaki shibiri moja.

Shibiri moja.

"Mama, unataka kumuua?" Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

Ngalula alimnyanyua mtoto, akamfuta damu, akaniambia polepole, "Papa Elie, basi. Uyu iko mama yako."

Niliingia ndani na hasira zangu. Zilipopungua nikamkuta Mama nyuma ya nyumba, amekaa juu ya tofali. Nilikuwa na hotuba tayari, lakini yeye akaanza.

"Unamukumbuka Masika?"

Masika ni mtoto wa dada yangu, ana miaka miwili. Sasa yeye na mama yake wako Butembo, wazima.

"Tulipokimbia nilimubeba mugongoni siku mbili. Ya tatu, mugongo ikakataa. Nikamushusha, nikamwambia tembea. Akatembea kidogo, akakaa mu njia. Batu banapita, risasi zinalia, na miye niko napiga mutoto fimbo ili atembee. Miye, Kasereka mwanangu. Nilimupiga fimbo."

Kisha akasema, "Uyu wako hatembei hata kidogo. Vita ikifika huku, mutafanya nini?"

Hotuba yangu yote ikapotea. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno. Kuhusu yupala sikurudi nyuma: nikachukua bisibisi, nikang'oa magurudumu yote badala ya kuigawa, nisije nikamhamishia mtoto wa mwenzangu balaa. Mama alinitazama bila kunizuia.

Lakini swali lake lilikuwa bado pale. Nilitaka kumwahidi kwamba vita haitafika Lubumbashi. Nani anaweza kuahidi kitu kama hicho katika nchi hii, siku hizi?

Nikasema tu, "Ikifika, Mama, nitamubeba miye. Na weye pia."

Akanikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, mimi mwanaume niliyenenepa kwa kukaa nyumbani.

"Na mugongo gani?"

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu afike.

Sasa hivi ninavyoandika, Elie yuko sakafuni, mdomo umevimba, anavuta kitenge cha bibi yake ili asimame. Mama amekaa tuli, mikono ameikalia, anajizuia asimsaidie. Naona jinsi inavyomtesa.

Mtoto ameanguka mara nne. Anaanza ya tano.