Kwenye Mizani ya Magunia

Shoga, yaani leo ndiyo umechagua kuumwa. Nimedhalilishwa mbele ya jiko zima.

Yule bwana lishe wa hospitali kaja kutupima wapishi. Mizani yake imeisha betri, akanipandisha kwenye ile ya magunia ya unga. Ya magunia, shoga. Kilo tisini na nne, akazisoma kwa sauti.

Halafu eti, "Mama, unakula kwa njaa au kwa raha?"

Nikamwambia raha siijui. Akacheka. "Sasa mafuta yote haya yameingilia wapi?" Mpishi mkuu akadakia, "Huyo anaonja kila sufuria." Wakaangua kicheko, washenzi wale.

Kwa raha. Mimi.

Wewe peke yako unajua tangu ile homa ulimi wangu hausikii ladha. Naongeza sahani juu ya sahani nikiutafuta utamu, ni kama natafuna karatasi. Lakini ningesema, kesho ningekuwa na kazi?

Bwana lishe akaandika "anakula kwa raha". Nikatia saini.

Kesho njoo hata kwa kutambaa. Leo hukuwepo kunionjea, chumvi nimetia kwa kukisia, na sahani za wagonjwa zimeanza kurudi.