Ku Ukuta Waliandika Mama Amekufa

Bruseli, Jumapili, nimetoka kanisa

Mama yangu muzazi,

Barua hii ikukute umekula, umelala vizuri, na lile goti lako la kushoto limekupa ruhusa ya kupiga magoti ku kanisa. Mimi niko muzima. Mafua yalinishika mwezi uliopita yakaniachia, namushukuru Mungu. Mupunga umetoka namna gani mwaka huu? Mvua ilikuja kwa wakati wake, ao ilitega watu tena? Na njia ya Kabambare, pikipiki zinapita, ao watu wangali wanashuka na kusukuma mu matope? Shangazi wa kule Wamaza alisema atakuja kukaa nawe mpaka mwisho wa mavuno. Sijui kama alifika.

Yaya Yuma, kaka yangu mukubwa, najua ni wewe unamusomea Mama. Soma polepole. Kuna pahali utataka kuruka. Usiruke.

Mama, ku telefone hatuwezi kuongea vizuri. Unapiga kelele, "Unakula? Unakula?" Nami nasema, "Nakula, Mama," kisha rezo inakatika. Maneno ya leo yanataka karatasi. Mutoto wa pasta wetu wa hapa anasafiri mpaka Kindu, na aliahidi atatafuta mutu wa kuifikisha Kasongo.

Yaya aliniambia foto yangu ilifika huko. Ile nimevaa kikwembe cha kitenge cha manjano, nimesimama katikati ya wazungu, wote tunacheka. Alisema waliizungusha mu telefone ku kanisa, wamama wakapiga vigelegele, nawe ukacheza mpaka ukasahau goti. Nilifurahi sana. Kisha nilikaa ku kitanda nikalia, kwa sababu munaishangilia ile foto bila kujua siku ile ilikuwa siku gani. Basi nakueleza.

Unajua kazi yangu. Asubuhi nasafisha biro, ofisi za watu, mchana nachora. Tangu nimalize masomo sikuacha kuchora hata juma moja. Nachora kile ninaona: ngazi za zile biro kabla watu hawajafika, viti vitupu, koti moja mutu aliisahau ku musumari. Mu picha zangu hakuna mutu. Ndivyo ninavyoishi hapa, Mama. Naingia kabla yao, natoka kabla yao. Wanakuta nyumba inanukia sabuni, hawajui ni nani.

Picha moja tu ilikuwa na mutu, na ule mutu ni wewe. Umekaa pembeni ya mukeka, muguu mumoja umeunyoosha, mukono unatandaza mupunga ku jua. Umegeuza kichwa upande, uso umekunja, kwa sababu kuku anakaribia. Sekunde moja tena na ungemutupia kandambili. Nilikuchora bila foto, kwa kichwa tu. Niliita ile picha "Mama na Mupunga."

Mwaka huu kukaja mwanamuke mumoja, Madame Claudine, mukubwa wa galeri moja ya hapa. Galeri ni nyumba ya kuonyesha na kuuza picha. Alisema wanatafuta wachoraji wanne kutoka mbali, wanawaita "sauti mpya." Alipanda mpaka chumba changu. Alipita mbele ya zile ngazi na viti kama mutu anayepita mbele ya nyumba ya jirani ambaye hawasalimiani.

"Nzuri," akasema. "Lakini hizi, mutu yeyote wa hapa anaweza kuzichora."

Nikamuambia, "Madame, mutu wa hapa hazisafishi zile ngazi."

Akacheka, akafikiri ni mchezo. Kisha akakuona wewe. Akashika kifua.

"Anaangalia wapi?" akauliza. "Ni njia ambayo wanajeshi walipita?"

"Anaangalia kuku, Madame."

Hakusikia, ao hakutaka kusikia. Akauliza juu ya Kasongo, juu ya vita, juu ya wazazi. Nilimujibu kama ninavyokujibu wewe, bila kupunguza wala kuongeza. Nilisema Baba alikufa kwa ugonjwa nilipokuwa ku sekondari. Nilisema tulikimbilia mu pori, kisha tukarudi. Nilisema Mama iko Kasongo, sijamuona tangu miaka mingi, na inaniuma. Alikuwa anatikisa kichwa, anashika mukono wangu. Akachukua picha moja tu, yako. Zile zingine zikabaki ku ukuta wangu.

Mu galeri nilijuana na Samba, mumoja wa wale wanne. Ni mutu wa Afrika ya Magharibi, mukubwa kwangu, baba wa watoto, anachonga picha ku mbao. Siku za kazi anavaa suruali ya jinzi na viatu vya michezo. Siku ya kufungua maonyesho anavaa kanzu pana yenye nyuzi za dhahabu mpaka chini.

Siku nilimuona nayo mara ya kwanza nilimuuliza, "Yaya Samba, leo ni sikukuu gani?"

"Hii ni nguo ya kazi, dada," akasema. "Fundi wa gari ana yake, mimi nina yangu. Waliniambia siku moja kwamba bila hii wageni hawajui ni nani wa kumupongeza."

"Na wale wachoraji wengine, wale wanaoonyesha hapa mwaka mzima? Wao ni sauti gani?"

Akanitazama kama unavyomutazama mutoto aliyeuliza jambo zuri pahali pabaya. "Wale hawaitwi sauti, dada. Wale wanaitwa wachoraji."

Nami waliniambia nivae kikwembe. Nilikivaa kwa moyo mweupe, kwa sababu ni wewe ulinipa siku naondoka.

Jumamosi ile ya kufungua maonyesho yetu, mchana, nilifika kabla ya watu. Uso wangu ulikuwa ku mulango, mukubwa kuliko mimi, umebandikwa mpaka juu. Picha yako ilikuwa mu chumba cha kwanza kabisa, yenye taa yake peke yake. Nikakaribia. Pembeni, ku ukuta, walikuwa wamebandika maneno meusi.

Yaya, ni hapa. Soma.

Jina la picha walikuwa wamelibadilisha. Waliandika: "Mama Aliyepotea." Na chini yake: "Feza, yatima wa vita ya Kongo, anamuchora mama yake aliyeuawa, akiangalia kwa mara ya mwisho njia ambayo kifo kilipitia."

Mama, nilisoma ile kitu mara mbili, tatu. Kifaransa nakijua, lakini nilifikiri pengine siku ile kimenipotea. Nikamutafuta Madame Claudine, nikamukuta anapanga bilauri.

"Madame, mama yangu hakufa."

"Feza! Umependeza sana na hii nguo!"

"Madame, ku ukuta mumeandika mama ameuawa. Mama yangu iko muzima. Iko Kasongo."

Akaweka bilauri chini. "Lakini ulituambia umemupoteza."

"Nilisema sijamuona. Aliyekufa ni baba, tena ni ugonjwa."

"Sikiliza, mupenzi. Maneno ya ukuta yanapaswa kuwa mafupi. Watu wanahitaji mulango wa kuingilia. Kwa maana ya ndani, ni kweli. Vita iliwagusa wote."

"Ilitugusa. Na mama alirudi kutoka pori, akapanda tena. Ndiyo mupunga uko mu picha."

Akatazama mulango. Wageni walikuwa wanaingia. "Tutaongea kisha," akasema. Akanibusu ku shavu.

Basi watu wakaja, Mama. Walikuwa wengi, wa heshima, wenye harufu nzuri. Wakasimama mbele yako na kusoma ukuta, na mumoja mumoja wakanigeukia. Wakanipa pole, mwingine ananishika bega, mwingine analegeza sauti kama mu matanga. Mara ya kwanza mdomo wangu ulisema "aksanti" peke yake, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, mutu akikupa pole unashukuru. Kisha nikasikia nimefanya nini. Kwetu, kumulilia mutu iko muzima ni kumuitia kifo. Nami nilikuwa nimesimama pale, mu kikwembe chako, napokea matanga yako.

Bibi mumoja muzungu, muzee, akalia kabisa. Akanikumbatia, machozi yake yakaingia mu shingo yangu. Alikuwa mutu mwema, siwezi kusema vingine. Nikamuambia pole pole, "Bibi, usilie. Mama yangu haiko marehemu. Saa hii pengine anafukuza kuku ku mupunga."

Akaniachia. Akarudi nyuma kidogo, akanitazama, akautazama ukuta.

"Lakini imeandikwa," akasema.

"Waliandika vibaya, Bibi."

Akatoa kitambaa, akapangusa macho haraka haraka, kama mutu uliyemuchukulia kitu mu mufuko. Akaenda ku chumba kingine. Hakurudi kunisalimia.

Mara hiyo wakatuita kwa foto. Sisi wachoraji wanne katikati, wakubwa wa muji pembeni. Mupiga foto akasema tucheke. Samba alikuwa karibu yangu, akaninong'oneza, "Onyesha meno, dada, itaisha upesi." Nikaonyesha meno. Ndiyo ile foto mulicheza nayo.

Nilimueleza Samba yote tukitoka, naye alinipigia kesho yake, Jumapili. Akasema, "Jambo lako ni haki. Lakini ngoja. Wakubwa wa muji wanataka kununua ile picha. Wakiinunua, utapata karatasi za kukaa hapa kama muchoraji, utaacha ndoo na sabuni. Kisha waambie wafute. Mwaka ujao watakuwa na wengine wanne, hakuna atakayekumbuka."

Nikamuuliza, "Na wewe, ku ukuta wako wameandika nini?"

"Sisomi tena," akasema.

Siku ile sikula. Nilitamani kukupigia nikuulize, lakini ningeanzaje? Ningesema, "Mama, wanataka kununua kifo chako, niuze?" Wewe ungeniambia niuze. Nakujua. Ungesema, "Mimi kufa ku karatasi hakuniumi, wewe pata makao." Na ningeshindwa kukataa. Kwa hiyo sikukupigia.

Jumatatu, nilipomaliza kazi, nilienda vile nilivyokuwa, na viatu vyangu vya kusafishia. Nilimuambia Madame Claudine aondoe yale maneno ao nitaondoa picha. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alihuzunika, kama vile mimi ndiye nilimuvunjia kitu.

"Unajua ni nani aliyekuja kuiona?" akauliza.

"Najua."

"Na bila ile habari, Feza, inabaki nini? Mwanamuke na mupunga."

"Ndiyo, Madame. Inabaki mwanamuke na mupunga."

Yeye mwenyewe alichukua wembe mdogo akaanza kukwangua herufi, moja moja. Nilisimama nikamutazama mpaka neno la mwisho, kwa sababu nilitaka kulishuhudia.

Juma lililofuata nilipopita, hukuwa tena mu chumba cha kwanza. Walikuwa wamekuhamisha karibu na pahali wageni wanaacha makoti, nyuma ya mulango. Taa ilikuwa imepewa mwingine. Wakubwa wa muji walinunua kitu cha mutu mwingine, na maombi yangu ya karatasi yalirudishwa, wakasema nijaribu tena. Madame Claudine ananisalimia vizuri tukikutana. Hanialiki. Na uso wangu ulibaki ku mulango wao mpaka mvua ikauchubua.

Maonyesho yalipokwisha nilikufunga mu shuka nikakurudisha kwa miguu. Sasa uko mbele ya meza yangu. Hapa hakuna mutu wa kusema naye Kizimba, lugha yetu, Mama, hata mumoja. Asubuhi, kabla ya kwenda kazi, nakuamkia kwa Kizimba. Juzi nilitafuta jina la ile mboga tunayochuma kando ya muto, nikalikosa. Nilisimama na kiatu kimoja mukononi nikilitafuta, na kwa hiyo nikachelewa kazi. Kama unalijua, Yaya aliandike.

Usifikiri najuta. Kuna siku ndoo inakuwa nzito, na najiuliza kama nilikuwa mujinga. Nachora. Nimeanza ingine, mutu mu ngazi. Bado haina uso.

Nisalimie Shangazi kama amefika, na watoto wake wote. Nisalimie Mjomba aliyeenda Lusangi kuchimba dhahabu. Mumuambie mashimo hayana huruma, arudi ku shamba. Nisalimie muke wa Yaya Yuma, na mutoto wao mupya ambaye sijamubeba. Nisalimie wamama wa kwaya. Wakiuliza foto, usiwaharibie furaha yao, waambie tu kwamba Feza anafanya kazi. Na pasta aniombee, hasa siku za baridi.

Mama, kuita muzazi kwa jina lake ni kukosa adabu, najua, na ku Kasongo yote wewe ni Mama Yuma. Lakini mu muji huu watu mia walikusoma marehemu, na kati ya wageni wale ni mutu mumoja tu niliyemuambia ukweli. Basi leo unisamehe. Yaya, soma jina hili kwa nguvu, kisha nyamaza, umuache.

Riziki!

Itika, Mama. Hata kama sisikii, itika.

Mimi, mutoto wako wa kike,
Feza