Sahani ya Saa Nne

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba ule mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tupo, tunapumua. Siwezi kukuambia kwamba tu wazima kabisa, maana naandika nikiwa na hasira ambayo hata sijui nimwelekezee nani, na kwenye simu najua tungegombana tu.

Ni habari ya baba na sahani yake. Unakumbuka mwezi uliopita nesi wa kliniki alimpima akakuta amepungua kilo tatu. Akasema mzee wa umri ule hawezi kula chakula kingi kwa mara moja, kwa hiyo apewe kitu kidogo saa nne na saa kumi: karanga zisizo na chumvi, matunda, mtindi, yai la kuchemsha, na biskuti zikome. Wewe ukaniambia akipungua tena utakuja kumchukua akakae kwako. Basi nikajifunga kibwebwe. Kila saa nne naacha cherehani, namkatia karoti na tufaha, naongeza karanga na zile lozi ulizotuma, namwekea kwenye benchi la wateja anapopenda kukaa. Baada ya nusu saa sahani inarudi tupu. Nami nikawa nakupigia simu kwa mbwembwe, eti baba anakula mpaka basi.

Juzi tukarudi kliniki. Kilo mbili nyingine zimekwenda. Nesi alinitazama kana kwamba lozi nazila mimi. Akasema nimrudishe baada ya wiki mbili, na asipoongezeka atalazwa.

Jana ndipo nilipojua. Yule mwalimu mnene ninayemshonea suti alikuja kujaribu koti, vifungo vikagoma kufunga. Akacheka, akasema nisimlaumu yeye, nimlaumu mzee, kila akija hapa analishwa karanga. Kumbe baba anawakaribisha wateja, dada. Mwalimu, mama wa sare za shule, mpaka mtu wa posta, wote wamenawiri kwa lozi zako. Wakiondoka, yeye anapangusa sahani kwa kiganja na kuniletea.

Mwalimu alipotoka nikamgeukia baba. Nilisema mengi. Nilisema naharibu macho kwa sindano ili yeye ale, halafu ananifanya mjinga mbele ya watu. Na nikasema, Mungu anisamehe, kwamba kama hataki kula aende akafie kwa dada, mimi nimechoka kulaumiwa. Nilisema kwa sauti na mlango uko wazi.

Alivuta mdomo wa chini kwa kidole, nikaona ufizi mtupu. Meno yake ya bandia ya chini hayapo. Wiki tano sasa. Mezani alikuwa anachovya mkate kwenye chai na kumeza wali kwa mchuzi, kidogo kidogo, nami nikidhani ni ukaidi wa uzee. Halafu huyo ndiye niliyekuwa nampa karoti mbichi.

Hapa ndipo pananiuma. Meno yalikuwa yakimsugua, akayatoa, akayafunga katika kipande cha kitambaa, akakiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akaenda kusukutua. Unanijua: kila Ijumaa nakusanya mabaki yote ya vitambaa, natia kwenye gunia, na fundi makochi anapita kulichukua akajazie mito. Aliporudi, gunia limeshaondoka. Meno ya baba yako ndani ya mto, kwenye sebule ya mtu nisiyemjua, na mimi ndiye niliyeyatupa. Fundi nimemfuata leo asubuhi. Mito ilishauzwa.

Nilimuuliza baba kwa nini hakuniambia. Akasema, "Dada yako angesikia, angesema huniwezi. Angekuja kunichukua. Mimi nataka kukaa hapa."

Kwa hiyo alishinda njaa wiki tano, dada, ili nisionekane mzembe. Nami nikamwambia aende akafie kwako.

Kesho nampeleka kwa daktari wa meno akapimwe upya. Leo nimempa parachichi la kuponda, mtindi, na karanga nilizosaga zikawa laini. Amemaliza, nikiwa nimekaa naye kwenye benchi. Sijui kama wiki mbili zitatosha. Ukiamua kuja kumchukua sitakuzuia, ila muulize yeye kwanza, usiniulize mimi.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu sana. Ameniona nikiandika, akanikataza kabisa nisitaje lile gunia. Amesema nikuambie kwamba meno aliyapoteza mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi