Siku Baba Alipoleta Pamba

Mjukuu wangu Masanja,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako hajambo, na mvua imeanza. Unauliza ufanyeje mjomba wako akileta mzigo wenye kasoro hapo Isaka unapokagua mizigo.

Ujanani nilikagua pamba kwa Mhindi mmoja hapa Mhunze: safi huku, na fifi, ile yenye madoa, kule. Kila asubuhi aliipaka mizani unga mwekundu, akakutanisha viganja na kuiinamia, ndipo tulipoanza kazi. Siku moja baba yangu alileta gunia la fifi, juu amelifunika kwa safi. Nikamtazama Mhindi.

Akasema, "Kwenye dini yetu yuko mpiganaji aliyewakuta ndugu zake upande wa adui, akaishiwa nguvu. Mungu akamwambia atimize wajibu wake bila kudai matunda."

"Na hao ndugu?"

"Walikufa wengi. Hatufichi."

Nikalimwaga gunia upande wa fifi.

Jioni nilimwamkia baba, hakuitikia. Kesho yake vilevile. Marahaba yake ilirudi msimu uliofuata.

Sijui kama nilifanya vema, Masanja. Najua tu kwamba shikamoo sikuiacha hata siku moja.

Babu yako